Hadubini ya Elektroni kwa Kiswahili: Upungufu Wetu si wa Istilahi

Kuna hoja mbili kuhusu Kiswahili na sayansi ambazo kila mwanafunzi wa lugha hii amewahi kukabiliana nazo. Ya kwanza ni ya wale wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, siasa na soko, na kwamba kikifika kwenye mlango wa maabara hakina budi kubaki nje. Ya pili ni ya wakereketwa wenzetu ambao huwajibu hao kwa kuwatolea orodha: istilahi hii imebuniwa, ile imesanifishwa, kamusi fulani imechapishwa. Makala haya yanashikilia kwamba pande hizi mbili, licha ya kukinzana kwake, zina kosa moja la pamoja. Zote zinahesabu maneno. Hakuna inayouliza swali ambalo mwanafunzi wa fasihi angepaswa kuliuliza kwanza: yuko wapi mtu aliyeketi akakieleza kitu cha kisayansi kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, hadi msomaji akakielewa?

Ili hoja hii isielee hewani, nitachukua mfano mmoja, mgumu kwa makusudi: hadubini ya elektroni. Maneno yenyewe tunayo. Neno hadubini limo katika kamusi zetu kwa miongo kadhaa sasa, likiwa jirani wa darubini, neno tulilolipata kutoka Kiajemi ambako sehemu yake ya kwanza ina maana ya mbali na ya pili maana ya kuona. Fizikia yetu nayo ilikwisha kupata kamusi yake pale TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Lakini mwulize mhitimu yeyote wa Kiswahili, hata yule aliyeandika tasnifu juu ya uundaji wa istilahi, ndani ya chombo hicho hutokea nini. Aghalabu atakupa jina na kunyamaza. Wahenga walisema mtumi wa kunga haambiwi maana. Sisi tumejifanya watumi wa istilahi tusiojua zimebeba nini.

Tuanze na sababu ya chombo hiki kuwapo. Wengi hudhani kazi ya hadubini ni kukuza. Kukuza ni kazi nyepesi. Iliyo ngumu ni kupambanua. Msomaji aliyewahi kusimama usiku kando ya barabara kuu ya Mombasa, pale inaponyooka kwa maili nyingi baina ya Mtito Andei na Voi, ameona gari likija kutoka mbali likiwa na taa moja. Likikaribia, ile taa hupasuka ikawa mbili. Taa zilikuwa mbili tangu mwanzo. Jicho ndilo lililoshindwa kuzitenganisha. Ukiipiga picha ile taa moja kisha ukaikuza hadi ienee ukuta mzima, utapata taa moja kubwa, wala hutapata mbili. Uwezo wa kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana ndio nitakaouita upambanuzi katika makala haya. Nimelichagua neno hili kwa kuwa kitenzi chake kimo katika matumizi ya kila siku na hakihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote anayejua kupambanua chuya na mchele.

Sasa, upambanuzi wa hadubini ya mwanga una mpaka, na mpaka huo ulielezwa na Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1873. Mwanga ni mawimbi, na wimbi haliwezi kutoa habari za kitu kilicho kidogo mno kulilinganisha nalo. Mtu wa pwani hana haja ya hisabati kulielewa hili. Wimbi la bahari likikuta kigingi cha kufungia mtumbwi, hupita kana kwamba hapakuwa na kitu. Nyuma ya kigingi maji ni yaleyale. Likikuta meli iliyotia nanga, hukatika, na upande wa pili maji hutulia. Anayeyatazama maji tu, bila kuiona meli, anaweza kujua kwamba mahali pale pana kitu kikubwa. Habari za kigingi hatazipata kamwe, hata akiyatazama maji hayo kwa miwani ya thamani gani. Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa takriban nanomita 400 hadi 700, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa kipimo cha Abbe, vitu vilivyokaribiana kwa chini ya nanomita 200 hivi havitenganishiki kwa mwanga huo. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000, bakteria wengi wana urefu wa nanomita 1,000 na zaidi, hao wanaonekana. Virusi vingi viko chini ya mpaka. Tangu mwisho wa karne ya 19 wanasayansi walijua vipo kwa madhara yake, kama mtu ajuavyo kwamba nyumbani mna panya kwa kuona gunia limetobolewa.

Njia ya kuuvuka mpaka ni moja: kutafuta wimbi fupi zaidi. Mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie alitoa hoja kwamba hata chembe za maada, elektroni zikiwamo, zina tabia ya wimbi, na kwamba kadiri chembe inavyokwenda kasi ndivyo wimbi lake linavyofupika. Elektroni iliyosukumwa kwa volti 100,000 hukimbia zaidi ya kilomita 160,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na wimbi lake huwa na urefu wa nanomita 0.0037. Hilo ni fupi kuliko wimbi la mwanga kwa zaidi ya mara 100,000. Vitabu vingi husimulia kana kwamba mtu aliisoma hoja hii kisha akakimbilia karakana kuunda hadubini. Haikuwa hivyo, na kisa chenyewe kinavutia kuliko hicho cha vitabu.

Waliokuwa Berlin, katika Chuo Kikuu cha Ufundi, walikuwa wahandisi wa umeme waliokuwa wakishughulikia chombo cha kupimia umeme wa kasi. Walianzia kwenye kazi ya Hans Busch, ambaye mwaka 1926 alionyesha kwamba koili ya waya inayopitisha umeme inaweza kuikusanya miali ya elektroni kama lenzi ya kioo inavyokusanya mwanga. Ernst Ruska, akiwa na umri wa miaka 24 na akifanya kazi chini ya Max Knoll, aliunda pamoja naye chombo chenye lenzi mbili za aina hiyo mwaka 1931. Kilikuza mara 17 tu hivi. Kioo cha mkononi cha fundi saa hakiko mbali na hapo. Habari za de Broglie zilimfikia Ruska baadaye, na kwa maelezo yake mwenyewe, alisikitika sana. Alidhani elektroni, kwa kuwa si mwanga, haitakuwa na wimbi la kuiwekea mpaka. Kumbe nayo ina lake. Alipopiga hesabu akaona wimbi hilo ni fupi kiasi gani, moyo ukamrudia. Kufikia 1933 alikuwa na chombo kilichokuza mara 12,000 na kuipita hadubini ya mwanga. Nyuzi za pamba alizoziweka ndani yake ziliungua zikawa mkaa kwa ukali wa miali. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1986, miaka 55 baada ya chombo cha kwanza; Knoll alikuwa amefariki mwaka 1969. Wanafunzi wa uzamili tunaolalamika kwamba msimamizi amekawia kurudisha sura ya kwanza tuna la kujipimia hapa.

Tukiichukua hadubini kamili ya aina hiyo, ile ambayo miali hupenya ndani ya kitu kinachochunguzwa, tutaona mnara wa chuma uliosimama wima, mrefu kuliko mtu. Mpangilio wake unafuatika vyema ukishuka kutoka juu. Kileleni kuna bunduki ya elektroni. Katika bunduki za kawaida ni uzi mwembamba wa tungsteni uliokunjwa mfano wa pini ya nywele, unaopashwa moto kwa umeme hadi zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi. Chuma kikipata joto namna hiyo, elektroni huchemka na kutoka juu yake kama mvuke unavyotoka kwenye sufuria. Bunduki hupewa umeme hasi wa volti 80,000 hadi 300,000. Chini yake kuna bamba lenye tundu katikati. Elektroni, zikiwa hasi pia, hufukuzwa kutoka juu na kuvutwa na bamba, na zile zinazopitia tunduni hushuka mnarani kwa kasi niliyoitaja. Kisha huja lenzi za kuikusanya miali, halafu kitu kinachochunguzwa, halafu lenzi kuu inayoitengeneza taswira ya kwanza, halafu lenzi nyingine za kuikuza taswira hiyo hatua kwa hatua. Chini kabisa kuna kiwambo kilichopakwa dutu inayong'aa ikigongwa na elektroni, au siku hizi kamera inayopeleka picha kwenye tarakilishi. Mwenye kuichunguza haoni elektroni hata moja. Anaona kivuli chake kikiwa kimefasiriwa kuwa mwanga.

Yote haya hutendeka katika ombwe. Elektroni ni nyepesi mno hivi kwamba molekuli za hewa huitawanya kama vumbi. Tena ule uzi wa tungsteni ungekutana na oksijeni ungeungua papo hapo. Kwa hiyo pampu hufanya kazi kwa zamu. Ya kwanza huondoa hewa iliyo nyingi, nyingine huifukuza iliyobaki, mpaka kanieneo mnarani ishuke chini ya sehemu moja katika milioni mia moja ya ile ya hewa tunayoivuta. Chumba chenyewe huchaguliwa kwa uangalifu, kwa kuwa lori likipita barabarani, au lifti ikipanda ng'ambo ya ukuta, picha hutetemeka.

Lenzi za chombo hiki zinastahili aya yake. Hazina kioo. Ni koili ya waya wa shaba iliyofunikwa kwa chuma laini, chuma hicho kikiachwa na mwanya mdogo upande wa ndani. Umeme ukipita kwenye waya, uga wa sumaku hukusanyika mwanyani, na elektroni zinazoukatiza hupinda na kujizungusha kama maji yanayoteremka shimoni, hadi zikutane kwenye nukta moja. Hadubini ya mwanga hurekebishwa kwa kusogeza vioo juu na chini. Hii hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza umeme, na taswira hugeuka kidogo kila urekebishapo. Koili hupata joto, kwa hiyo maji baridi huzungushwa pembeni yake mchana kutwa. Sasa hebu tulitazame neno lenyewe. Lenzi limetokana na jina la Kilatini la kamande, ile mbegu ya jamii ya dengu iliyo bapa na kutuna katikati, kwa sababu vioo vya awali vilifanana nayo. Hakuna chochote kinachofanana na kamande katika koili ya shaba, na bado wanafizikia wa Berlin waliiita lenzi bila kuona haya. Sitiari ilikuwa imehama kutoka shambani hadi kwenye kioo, na sasa ikahamia kwenye sumaku. Sisi nasi tunakaa vikao kujadili iwapo neno la Kiswahili linabeba dhana yote ya kisayansi! Hakuna lugha ambayo maneno yake yanafanya hivyo. Dhana hubebwa na maelezo. Neno ni mpini tu.

Lenzi hizi, hata hivyo, ni mbaya. Mwaka 1936 Otto Scherzer alithibitisha kwa hisabati kwamba lenzi ya elektroni iliyo ya mviringo, isiyobadilika na wakati wala kuwa na chaji katikati ya njia, haiwezi kukwepa kasoro moja: miali inayopita pembezoni hupindwa kupita kiasi, isikutane mahali pamoja na ile ya katikati. Ndiyo sababu, ijapokuwa wimbi la elektroni ni fupi namna ile, hadubini bora kabisa za karne ya 20 zilipambanua kwa kiasi cha nanomita 0.2 hivi, mara hamsini zaidi ya urefu wa wimbi lenyewe. Dawa ilipatikana kwa kuachana na umbo la mviringo. Mwaka 1998 Harald Rose, Maximilian Haider na Knut Urban walitangaza kwamba sumaku za ziada zenye ncha nyingi zimeifuta kasoro hiyo, na Ondrej Krivanek akafanya hivyo kwa njia yake katika hadubini ya aina nyingine. Leo nusu ya nanomita 0.1 imefikiwa, na atomu jirani katika fuwele huonekana moja moja.

Nije sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalomhusu mhakiki wa fasihi kuliko mengine yote: namna kitu kinavyoandaliwa kabla ya kuingizwa mnarani. Elektroni hazipenyi kitu kinene. Kipande cha ini au cha jani hakina budi kiwe na unene wa chini ya nanomita 100. Tena katika ombwe maji huchemka na kutoweka, kwa hiyo chochote chenye unyevu hakiwezi kuingia kilivyo. Basi tishu hugandishwa kwa kemikali zinazofungamanisha protini zake, kisha maji yake huondolewa kidogo kidogo kwa alkoholi, na nafasi yake hujazwa utomvu wa plastiki unaokauka ukawa mgumu kama kwato. Kipande hicho hukatwa kwa kisu cha almasi, au cha kioo kilichovunjwa kwa ustadi, na vipande huelea juu ya maji kwenye kibirika kidogo kilicho nyuma ya makali. Fundi huusoma unene kwa rangi. Kikielea kwa rangi ya fedha, kina nanomita 60 hadi 90 na kinafaa. Kikiwa cha dhahabu, ni kinene mno. Kisha huokotwa kwa wavu wa shaba wenye kipenyo cha milimita 3. Lakini hata hapo hakitaonyesha kitu, kwa maana atomu za viumbe, yaani kaboni, oksijeni na haidrojeni, ni nyepesi na hazizitawanyi elektroni vya kutosha. Inabidi kipakwe chumvi za urani na za risasi (ile metali, si ile ya askari), ambazo hunata sehemu fulani za seli kuliko nyingine. Palipo na metali nyingi, elektroni hutawanywa na picha huwa nyeusi. Pasipo na metali huwa nyeupe.

Maana yake ni kwamba picha maarufu za ndani ya seli, zile zilizomo katika kila kitabu cha biolojia cha kidato cha kwanza, ni picha za mahali metali zilipokaa ndani ya kitu kilichokufa, kukaushwa na kugeuzwa plastiki. Sisemi ni za uongo. Ninasema ni matini. Zina mtunzi, zina kaida, zina yaliyoachwa nje, na asiyejua kaida zake atazisoma vibaya kama anavyosomwa vibaya mshairi na mtu asiyejua bahari za ushairi. Wanasayansi wenyewe walibishana kwa miaka iwapo baadhi ya maumbo waliyoyaona yalikuwa ya seli au yalizaliwa na dawa walizopaka. Njia ya kupunguza shaka hiyo ilipatikana miaka ya 1980, pale Jacques Dubochet na wenzake walipofaulu kuyagandisha maji kwa kasi kubwa mno yasipate nafasi ya kufanya fuwele za barafu. Kitu kinachochunguzwa huchovywa katika ethani iliyopozwa kwa naitrojeni ya majimaji, kikabaki na maji yake, bila urani wala plastiki. Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walituzwa Nobel ya Kemia mwaka 2017 kwa kazi iliyotokana na njia hiyo.

Aina ya pili ya hadubini ya elektroni nitaipitia kwa ufupi. Yenyewe haipenyezi miali. Huikaza ikawa ncha na kuipitisha juu ya uso wa kitu, mstari baada ya mstari, kama mwalimu wa chuo anavyopitisha kijiti chini ya maandishi ili mtoto afuatilie. Kila miali inapogusa, elektroni nyingine huruka kutoka kwenye uso huo, na wingi wake huwekwa kama nukta yenye mwangaza au giza. Nukta zote zikipangwa pamoja huwa picha yenye vilima na mabonde. Kitu kisichopitisha umeme hupakwa dhahabu nyembamba kwanza. Charles Oatley na wanafunzi wake pale Cambridge waliiendeleza kwa miaka mingi, na ikaanza kuuzwa mwaka 1965. Jicho la nzi linalotisha watoto kwenye mabango ya shuleni hutoka huko.

Pengine bado yupo atakayeuliza: haya yana faida gani kwa msomaji wa Kiswahili ambaye hatawahi kuugusa mnara huo? Nitamjibu kwa neno moja ambalo yeye mwenyewe amelitamka mara nyingi. Tarehe 13 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini Kenya. Neno hilo halikutoka kliniki. Lilitoka kwenye picha ya hadubini ya elektroni. June Almeida alizaliwa Glasgow mwaka 1930, binti wa dereva wa basi, na aliacha shule akiwa na miaka 16 kwa kukosa uwezo wa kuendelea hadi chuo kikuu. Akajifunza kazi katika maabara ya hospitali, baadaye akaenda Kanada, na huko akawa bingwa wa hadubini hii. Njia aliyoitumia ilikuwa ya kuizungushia chembe ya virusi chumvi ya metali nzito badala ya kuipaka yenyewe, hivyo virusi vikaonekana vyeupe katika uwanja mweusi, kama kiganja kilichowekwa ukutani kikapuliziwa rangi pembeni. Miaka ya 1960, akiwa London, aliletewa virusi vya mafua ambavyo watu hawakuweza kuvitambua. Akaona chembe zilizozungukwa na vishungi mfano wa miale. Mhakiki mmoja wa makala aliyakataa matokeo hayo kwa kudhani ni picha mbovu za virusi vya influenza. Mwaka 1968 kundi hilo likapewa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji. Almeida alifariki mwaka 2007, kabla dunia nzima haijalishika neno hilo.

Sisi tulilipokea tukiwa tumeziba masikio. Wataalamu wa lugha wakafanya yao, wakatupatia UVIKO-19, ufupisho mzuri unaotamkika. Lakini wakati huohuo picha ya tufe la kijivu lenye miiba myekundu ilikuwa kwenye kila rununu na kila ukuta wa zahanati, na ninakumbuka majadiliano ya kweli, ndani ya matatu na nje ya misikiti na makanisa, kuhusu rangi hiyo na kuhusu iwapo kitu hicho kipo au kimechorwa. Walioshuku kwamba kimechorwa walikuwa na nusu ya ukweli. Ile picha ilikuwa mchoro uliotengenezwa na wasanii wa taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa mwanzoni mwa mwaka 2020, wakitegemea elimu iliyotokana na picha halisi. Picha halisi za hadubini ya elektroni hazina rangi. Rangi ni mali ya mwanga, na chembe ya korona, yenye kipenyo cha takriban nanomita 100, iko chini ya mpaka wa Abbe. Kuuliza ni nyekundu au ni kijani ni kama kuuliza harufu ya namba saba. Rangi tuzionazo kwenye picha za namna hiyo hutiwa baadaye kwa tarakilishi ili jicho lipate pa kushika. Maelezo haya yamechukua aya moja ya Kiswahili cha kawaida. Mwaka 2020 hapakuwa na aliyeyaandika pale yalipohitajika, na pengo hilo likajazwa na uvumi.

Atakayesema kwamba mwanafunzi Mkenya anasoma sayansi kwa Kiingereza hivyo kazi hii ni ya bure, anazungumzia mtihani. Mimi ninazungumzia kuelewa. Wala sidai kwamba istilahi hazina kazi. Nimezitumia hapa kwa wingi: ombwe, uga, kanieneo, fuwele. Nimeona tu kwamba zilinifaa pale nilipokwisha kujua ninachotaka kusema, na kwamba mahali ambapo sikuwa na istilahi, kigingi na meli vilitosha. Idara zetu zinazalisha kila mwaka tasnifu juu ya mikakati ya uundaji wa maneno. Ningependekeza kwamba mwanafunzi anayechagua mada hiyo atakiwe, katika kiambatisho, kukieleza chombo kimoja kwa kurasa kumi, na asomewe na mwanafizikia anayejua Kiswahili na na mama muuza mboga. Jarida hili nalo lingeweza kutenga kurasa chache katika kila toleo.

Kwa atakayeitika, kuna kazi iliyobaki mezani. Nusu nyingine ya ile Nobel ya Fizikia ya mwaka 1986, iliyomfikia Ruska uzeeni, walipewa Gerd Binnig na Heinrich Rohrer kwa chombo walichokiunda Zurich mwaka 1981. Hakina miali, hakina lenzi, wala hakihitaji mnara. Kina sindano ambayo ncha yake huishia kwenye atomu moja hivi, inayopitishwa juu ya uso wa metali kwa umbali wa chini ya nanomita moja bila kuugusa, huku umeme mdogo ukivuka pengo hilo na kubadilika kwa kila mwinuko. Kwa njia hiyo huipapasa atomu baada ya atomu. Nacho kwa mazoea huhesabiwa katika ukoo wa hadubini. Je, chombo kinachopapasa, kisichotazama hata kidogo, kibaki na ile -bini ya Waajemi mkiani, au tukitafutie jina kutoka kwa vidole?